Uliza Fundi: Nataka kutengeneza visu nyumbani, nianze na nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi kijana wa Magomeni hapa Mtwara mjini, mchana napiga bodaboda ila jioni akili yote iko kwenye vyuma. Nimeona watu mtandaoni wanatengeneza visu vya jikoni na vya kuchinjia vikali balaa, na mimi nataka nifungue kakarakana kadogo hapo uani kwetu. Nina akiba kidogo, nikawaza nianze na ile mashine kubwa ya mkanda wa msasa, nikauliza bei nikakaa chini mwenyewe. Sasa nianze na nini? Halafu kuna mtu ana nondo zimebaki kwenye ujenzi anataka kunipa bure, zinafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo nondo mwachie mwenyewe ajengee. Nondo ya ujenzi kaboni yake ni ndogo, utaipiga moto, utaizamisha kwenye mafuta, utafanya kila ulichoona kwenye simu na mwisho utapata kitu chenye umbo la kisu ambacho kikikata nyanya mbili tatu kinataka kunolewa tena. Chuma cha kisu kinatakiwa kiwe na kaboni kama asilimia 0.6 kwenda juu, na huku kwetu cha kupata kirahisi ni springi za bapa za pikapu na malori, zile zinazopangwa juu ya ekseli ya nyuma, gereji yoyote ukiuliza hukosi. Ila ile iliyokatikia barabarani achana nayo, maana inaweza kuwa na nyufa nyingine ndogo huzioni kwa macho, zinakuja kujitokeza siku umeshamaliza kupiga msasa na mteja anasubiri.

Sasa shida ya springi ni unene, inaweza kuwa na milimita 8 na zaidi wakati kisu cha jikoni mgongo wake ni milimita 2 au 3 tu, kwa hiyo bila kuifua motoni utaisaga mpaka uichukie kazi. Kama unataka kuanza bila kufua tafuta sahani kuukuu ya msumeno wa kupasulia mbao, ile ya zamani ambayo meno yake ni chuma hichohicho cha sahani, sio yale ya kubandikwa. Ina unene unaokaribia ule wa kisu, unachora umbo, unakata, unaanza kusaga. Tupa kuukuu nazo ni nzuri sana, kaboni yake inaweza kupita asilimia 1, ila siku hizi kuna tupa za bei chee ambazo ugumu uko kwenye ngozi tu. Kuijua, bana ncha kwenye jiliwa (kile kibanio cha chuma cha mezani), funika na gunia nzito, vaa miwani, gonga nyundo. Tupa ya kweli inakatika pwaa, ya uongo inapinda. Ukishaipata ya kweli ipashe moto mpaka iwe nyekundu kisha ifukie kwenye majivu ilale humo mpaka asubuhi, hapo italainika na utaweza kuichonga kwa tupa mwenzake.

Vifaa: jiliwa imara iliyofungwa kwa bolti kwenye meza isiyotikisika (hapa usibane hela, jiliwa inayocheza inakutesa kila siku), tupa mpya mbili, msumeno wa chuma, drili, msasa kuanzia namba 120 mpaka 400, na sumaku ya kupimia kama chuma kimefika moto, hata ile ya kwenye spika mbovu. Grainda ndogo ya inchi 4 na nusu ukiipata sawa, maana inakuokolea muda wa kukata, na kwenye luku sio mlaji sana, ya wati 800 ikipiga kazi saa nzima inakula kama uniti 0.8. Ila usitoe ile kinga ya diski, naona mafundi wengi wanaitoa eti inawazuia kuona, na hakikisha diski imeandikwa mzunguko unaolingana na wa grainda au zaidi, hizi ndogo zinazunguka mpaka mara 11,000 kwa dakika na diski ikipasuka kwa mwendo huo haichagui pa kwenda. Ile mashine ya mkanda ni nzuri, sikatai, ila inachokupa ni haraka, haikupi kisu bora. Hiyo hela iweke kwenye moto na mafuta.

Moto wenyewe ni rimu kuukuu ya gari au dramu ya breki ya lori, unapaka udongo wa mfinyanzi kwa ndani, unatoboa upande mmoja na kuingiza bomba la hewa, nyuma unafunga mvukuto au blowa ndogo au hata drayer ya saluni ya mtumba. Bomba liwe jeusi, lisiwe la kupakwa zinki, zinki ikiungua moshi wake unakuletea homa usiku kucha utadhani malaria. Mkaa wa vifuu unawaka vizuri sana na huku vifuu tunavitupa. Fuawe, yaani chuma cha kugongea juu yake, kama huna, chukua nyundo kubwa ya kilo 5 au zaidi, izamishe kichwa chini kwenye gogo, uso mmoja ubaki juu, inatosha kabisa kwa visu. Atakuja mtu na kipande cha reli anakuuzia ukifanye fuawe, mwambie asante. Reli ya huku kusini, ile ya mradi wa karanga wa Mwingereza kule Nachingwea, iling'olewa miaka ya 60 mwanzoni, kwa hiyo kipande kinachong'aa leo jiulize mwenyewe kimetoka kwenye reli gani, na siku polisi wakija hawatamuuliza yeye.

Mwisho pa kukaa. Mkaa hauwashwi ndani ya chumba hata siku moja, gesi yake haina harufu na inaua. Kaa uani lakini sio chini ya makuti, na angalia upepo, kusi likianza kuvuma hapo mjini cheche zinaruka mpaka kwa jirani kwenye nguo zake. Weka ukuta mdogo wa tofali upande upepo unakotoka, ndoo ya mchanga karibu, na kazi ya kugonga maliza kabla ya magharibi, majirani wanavumilia mengi ila nyundo usiku hapana.

SWALI: Fundi, mimi niko Masasi. Nilikata kisu kizuri kwenye springi, nikakisaga chembamba kabisa, nikakiwasha kikawa chekundu nikazamisha kwenye ndoo ya maji, nikasikia "ti!" kutazama kina ufa. Cha pili hakikupasuka ila kimedondoka tu sakafuni kikakatika vipande viwili. Springi za siku hizi feki au?

JIBU: Springi haina kosa kaka, unaionea bure. Chuma cha springi ni cha kuzimwa (kuzamishwa kikiwa chekundu ili kiwe kigumu) kwenye mafuta, maji yanakipoza ghafla mno mpaka kinajipasua, na umekiongezea balaa kwa kukisaga chembamba kabla. Kabla ya kuzima acha makali yawe na unene kama milimita 1, utakuja kuyamaliza baadaye.

Mafuta ya kula yanafaa, alizeti, hata ya ufuta ukiwa nayo maana huku ufuta ndo kwetu, ila oili chafu ya gari hapana, ule moshi ni sumu. Kama lita 4 au 5 kwenye chombo cha chuma kirefu chenye mfuniko, usithubutu ndoo ya plastiki. Yapashe kidogo mpaka yawe ya moto ila sio ya kuchemka, nyuzi 50 au 60 hivi, mafuta ya uvuguvugu yanapoza vizuri kuliko ya baridi.

Kisha pasha kisu ukiwa kivulini, juani rangi zinakudanganya. Kila baada ya muda kigusishe sumaku. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku inakiachia, hakishiki tena kabisa, hapo rudisha motoni kidogo tu, rangi ipande kutoka nyekundu iliyoiva kuelekea chungwa, halafu zamisha. Usikitikise pembeni kitapinda, kipeleke mbele na nyuma kama unakata yale mafuta. Moto unaweza kulipuka juu kidogo, usiruke, ndo maana una koleo refu na mfuniko. Kikipoa pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimekuwa kigumu. Ikiuma, hakikufika moto, rudia.

Sasa hicho cha pili kilichokatika sakafuni, tatizo lake ni kwamba uliishia hapo. Chuma kilichotoka kuzimwa ni kigumu lakini hakina uvumilivu wowote, lazima kirudishwe moto wa pole, siku hiyohiyo, usikiache kilale. Nyuzi 200, saa nzima, acha kipoe, rudia saa nyingine. Oveni ya umeme ni nzuri, au ongea na mwoka mikate akuwekee tanuri likishapungua moto, au sufuria nzito ya mchanga mkavu juu ya jiko la mkaa, mchanga wa mto lakini, wa baharini una chumvi. Sugua upande mmoja mpaka ung'ae ili uone rangi: inaanza ya majani makavu, inaenda kahawia, halafu zambarau, halafu bluu. Kisu cha jikoni kitoe kwenye majani makavu. Panga la shambani liache lipite kahawia maana lenyewe linapigwa kwenye visiki. Ikifika bluu kwa kisu cha nyama umeshapitiliza, kitapoteza makali haraka.

Marekani kuna chama cha wafua visu, American Bladesmith Society, kipo tangu 1976, mtihani wao kisu kimoja kinakata kamba nene inayoning'inia, kinapasua mbao, kisha hapohapo kinyoe nywele za mkono, halafu kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kukatika. Hakuna grainda inayoweza kukupa hiyo, ni moto tu. Na ukija kumalizia makali kwenye jiwe au grainda kuwa na maji karibu, chovya kila mara, ukiona bluu imetokea kwenye ncha basi hapo umeshalainisha kazi yako yote.

SWALI: Kaka fundi, nauza samaki hapa Lindi. Nina kisu cha kufuliwa, kinakata kuliko vya dukani ila kutu kila siku na mpini umelegea, damu na maji yanaingia mle. Nikitengenezewa kingine mpini uwe wa nini?

JIBU: Dada, kutu kwa chuma hiki pembezoni mwa bahari huikwepi, unaipunguza tu. Ukimaliza kazi osha kwa maji yasiyo na chumvi, futa kikauke kabisa, paka mafuta kidogo ya kula, usikilaze kwenye beseni la samaki wala kwenye ala ya ngozi iliyolowa.

Mpini mwambie fundi chuma kifike mpaka mwisho wa mpini, mbao mbili huku na huku, pini tatu za shaba na gundi ya epoksi kote kwa ndani maji yasipate njia. Mbao bora ni mpingo, mzito mpaka unazama majini na haunywi maji ovyo. Wala usimtume mtu akakate mti porini bila kibali, nenda kwa wachonga vinyago wa Kimakonde, vipande wanavyobakiza kwao ni takataka kwako ni mpini, ongea nao vizuri. Kwa fundi atakayeuchonga: avae barakoa, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua kwa baadhi ya watu. Na asiupake vanishi ya kung'aa, ukiwa na mikono ya samaki itateleza, aache msasa wa 220 na mafuta tu.