Ukitaka kununua haniwa, igeuze kwanza

Wanaonunua haniwa, sanamu za udongo za makaburi ya kale ya Japani, kwa mara ya kwanza huvutwa na uso, nami siwalaumu, kwani macho na kinywa vilivyotobolewa tu kwenye udongo mwekundu vina haiba isiyokwepeka. Hata hivyo, katika kuzifuatilia kwangu minadani na kwenye maduka ya vitu vya kale, nimejizoesha kuomba sanamu igeuzwe kwanza niukague mgongo na upande wake wa ndani, kwa sababu anayeghushi humalizia ustadi wake usoni.

Haniwa zilipangwa juu ya vilima vya makaburi ya wakubwa wa Japani kati ya karne ya 3 na ya 6. Za mwanzo zilikuwa mapipa matupu yasiyo na kitako. Nyumba na ngao zilifuata katika karne ya 4, na farasi na watu katika karne ya 5. Basi muuzaji anayedai kwamba askari wake mwenye deraya ni wa karne ya 3 anakuuzia hadithi.

Ndani ya haniwa halisi utaona jinsi mfinyanzi alivyopandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine, akizibana kwa vidole bila kujali unadhifu, ilhali nje alisawazisha kwa ubao ulioacha mistari myembamba iliyosongamana. Zile za awali zilichomwa kwenye moto wa wazi, ndiyo maana zina mabaka meusi. Tanuri za handaki, ambazo ufundi wake ulitoka rasi ya Korea, ziliyaondoa kuanzia karne ya 5. Baka jeusi kwenye farasi wa karne ya 6 linastahili maswali.

Usiogope viraka. Karibu kila haniwa ilitoka ardhini ikiwa vipandevipande, na hata askari mashuhuri wa Ota, mkoani Gunma, aliyetangazwa Hazina ya Taifa mwaka 1974, amewahi kufumuliwa na kuunganishwa upya na wataalamu. Kinachoniudhi ni kiraka kilichofichwa kwa rangi. Maabara inaweza kupima udongo ulichomwa lini mara ya mwisho, lakini cheti chake kinasema juu ya mahali palipochokolewa tu; kichwa cha kale huweza kuketishwa juu ya kiwiliwili cha juzi, kwa hiyo mimi hutaka sampuli za kichwani na za kiwiliwilini pia.

Suala la hati ni zito kuliko yote hayo. Nchini Japani, kitu cha kale kinachofukuliwa hukabidhiwa polisi, na mwenyewe asipojulikana huwa mali ya umma, tena sheria ya mwaka 1950 inazuia hazina zilizoteuliwa rasmi na serikali kutoka nje ya nchi. Mikusanyo ya zamani ipo, kama ule wa William Gowland, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi Osaka kuanzia 1872 hadi 1888, ambao sasa umo British Museum. Lakini sanamu nzima yenye sura nzuri, isiyo na historia yoyote kabla ya mwaka jana, mimi siigusi, hata bei ikishuka namna gani.

Kwa anayeanza, ningependekeza kigae cha pipa chenye lebo ya mkusanyaji wa zamani: ni nafuu, na waghushi hawakijali. Ukinunua kitu kikubwa zaidi, dai risiti itaje kwa maandishi sehemu zipi ni za kale na zipi ni za plasta.