Ile namba ya penseli

Kihesa, Iringa

Kamwene mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ulikwenda Nafasi Art Space, kile kituo cha sanaa cha Dar, na wenzako wa kazini, picha nyingi ukazipita, halafu ukasimama mbele ya karatasi moja nyeusi na nyeupe: mwanamke amebeba kuni. Chini yake, kwa penseli, 4/15, yaani ya nne kati ya kumi na tano. Na sasa unaniuliza: "Baba, kwa nini nilipie karatasi ambayo watu wengine kumi na wanne wanayo? Ina tofauti gani na fotokopi?"

Swali limenigusa, maana wino wa uchapaji ndio uliokusomesha, miaka ile nilipokuwa mpanga herufi.

Unakumbuka kile kiazi? Ulikuwa darasa la pili, mvua imetufungia ndani. Nilikata kiazi mviringo katikati, ukachonga R ya jina lako kwa kisu cha jikoni, ukapaka wino, ukakandamiza kwenye daftari. R ikatoka imegeuka, ukalia. Nikakuonyesha jinsi ya kuichonga kinyume. Iliyofuata ikatoka sawa, nyingine ikapauka upande mmoja, nyingine ikabeba alama ya kidole chako. Sasa niambie, R yenyewe ilikuwa wapi? Kwenye kiazi ilikuwa kinyume, tena imelowa. R yenyewe ilikuwa kwenye zile karatasi, kila moja.

Fotokopi hunakili kitu ambacho tayari kipo mahali pengine. Yule mwanamke wako wa kuni ni chapa, picha inayopigwa kwa kibao kilichochongwa; hayupo mahali pengine. Msanii alichukua ubao, au lino ile ya kutandika sakafuni, akachimba kila sehemu aliyotaka ibaki nyeupe. Palipobaki juu ndipo wino unaposhika. Akapitisha rola, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko au akaipitisha kwenye mashine, kisha akaifunua polepole kutoka pembeni. Halafu wino tena, karatasi nyingine, mpaka zikatimia kumi na tano. Namba ile ni ahadi yake kwamba hazitazidi hapo, na wasanii wengi hukikwaruza kibao kazi ikiisha ili kisichape tena. Kwa kuwa ziko kadhaa, bei yake kwa kawaida huwa chini ya mchoro wa rangi ulio mmoja tu. Mimi nalipenda sana jambo hili: mtu wa mshahara anaweza kutundika ukutani kazi ya mkono wa msanii, si kalenda ya duka.

Mimi mwenyewe chapa za namna hii nilikutana nazo ukubwani. Ofisi ilinituma Dar kufuata wino, nikapita Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale Upanga, ile iliyoanzishwa mwaka 1972. Wachonga vinyago nilikuwa nawafahamu. Sikujua kwamba watu kama Robino Ntila na George Lilanga walikuwa pia wakichora kwa asidi juu ya bamba la chuma. Huko mambo hugeuka: wino huingia kwenye mifereji iliyoliwa na asidi, juu hufutwa pakawa safi, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa kwa nguvu mpaka ikaunyonye wino humo ndani. Ukiitazama kwa ubavu, mwanga ukiipiga, utaona ukingo wa bamba umebonyea kwenye karatasi. Nilisimama pale mpaka wakafunga.

Baadaye kitabu cha picha kilinionyesha kazi za John Muafangejo wa Namibia, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki 1987. Alisomea sanaa Rorke's Drift, Afrika Kusini. Linokati zake, yaani chapa za kuchonga kwenye lino, zina weusi mzito, na ndani ya picha ameandika maneno, wakati mwingine sentensi nzima. Mwanangu, herufi hizo alizichonga kinyume, moja moja, kwa mkono! Mimi nilipanga herufi za madini ya risasi zilizokuja zimegeuzwa tayari kutoka kiwandani, na bado b na d zilinisumbua miaka yote. Tangu hapo nikiingia kwenye maonyesho yoyote natafuta kwanza ukuta wenye chapa.

Nawe fanya hivyo. Rudi siku ambayo haina watu, peke yako. Sogea karibu hadi uone kisu kilipita wapi, maana mchongaji aliyetulia na mwenye haraka huonekana hapo hapo. Soma kikaratasi kilicho pembeni, uandike jina na namna ya uchapaji. Halafu uliza kama msanii ana nyingine ambazo hazijatundikwa. Wachapaji huweka kazi kwenye droo na mafaili makubwa, na mara nyingi ile itakayokushika moyo imelala humo. Hivyo ndivyo utakavyowafahamu, jina moja likikupeleka kwa jingine, maana wengi hutumia mashine moja na wanajuana.

Ukimchukua mama wa kuni, usimkunje. Mviringishe ndani ya bomba gumu la karatasi, uje naye Krismasi. Usimweke chini ya siti ya basi. Fremu nitaitengeneza mimi, kuna mbao za mninga zimebaki kutoka kwenye kile kitanda. Nipimie karatasi yote, urefu na upana, pamoja na ile sehemu yenye namba; sitaki kuifunika.

Baba yako