Muulize Afisa Lishe: Nakunywa sheki ya kupungua, mbona naongezeka?

*Dada, habari za kazi. Nina miaka 34, watoto wawili, nauza vitenge Kariakoo. Nina kilo 86 na nataka kupungua. Rafiki yangu alinipa mchanganyiko wa sheki ya protini: maziwa fresh nusu lita, ndizi mbivu mbili, nusu parachichi, karanga za kukaanga kiganja kimoja, asali vijiko viwili vya chakula na mayai mawili mabichi. Nasaga kwenye blenda, nakunywa usiku baada ya kula. Asubuhi sili sana, chai ya maziwa na chapati mbili tu. Sasa sketi hazifungi, na mizani ya duka la dawa inasema nimeongezeka kilo mbili. Au mwili wangu haupatani na protini? – Mama N., Tabata*

Mdogo wangu, mwili wako unapatana na kila kitu ulichoupa, tena umekiweka akiba. Shika kalamu tupige hesabu ya hiyo blenda.

Maziwa nusu lita, malai yakiwa ndani: kama kalori 300. Ndizi mbili za wastani: 210. Nusu parachichi: 160, na kama ni yale makubwa yanayoshushwa kutoka Mbeya, zaidi ya hapo. Karanga kiganja kimoja, sawa na gramu 30: kalori 170. Asali vijiko viwili: 130 hivi. Mayai mawili: 140. Jumla kalori 1,100 na ushee, yaani zaidi ya nusu ya anachohitaji mwanamke wa kawaida kutwa nzima. Na wewe unaishushia juu ya ugali uliokwisha kula, kisha unalala.

Protini je? Humo mna kama gramu 40. Gramu moja ya protini ina kalori 4, kwa hiyo protini yote imechangia kalori 160. Zile nyingine, zaidi ya 900, ni mafuta na sukari. Mchanganyiko wa aina hiyo, nikiondoa mayai mabichi, ndio ninaowapa wagonjwa wa TB wanaoanza kupona, ili nguo ziwakae tena. Rafiki yako hakukudanganya kwamba ni chakula kizuri. Amempa mtu asiyekihitaji.

Hayo mayai mabichi tuyamalize kabisa, maana barua zinazoyataja ni nyingi na vijana wa gym ndio wanaoongoza. Watafiti wa Ubelgiji walilipima jambo hili mwaka 1998: protini ya yai lililopikwa mwili ulichukua karibu asilimia 90, ya yai bichi karibu nusu tu. Nusu ya pesa yako imepita bure, na juu yake umejitakia bakteria wa salmonela ambao ganda safi la yai halikuonyeshi. Chemsha dakika kumi, menya, kula. Yai moja lina gramu 6 za protini, na huhitaji blenda.

Sasa sheki yenyewe, kwa sababu najua bado unaitaka, na hakuna ubaya.

Anza na maziwa. Kama unanunua kwa mfugaji, yachemshe vizuri, yaache yapoe, kisha yalaze kwenye friji. Asubuhi utakuta malai yamepanda juu, tabaka zito la rangi ya krimu, na ukipitisha kijiko pembeni ya sufuria linanyanyuka kama ngozi. Liengue lote, weka kwenye kikopo, siku ya pilau utanishukuru. Ukisubiri malai kwenye maziwa ya pakiti utasubiri sana: kiwandani mafuta yake yamepasuliwa vipande vidogo mno, hayapandi tena. Kwa hayo, tafuta pakiti iliyoandikwa kwamba mafuta yamepunguzwa.

Maziwa uliyoyaengua yapashe yawe vuguvugu, koroga na vijiko viwili vya mtindi usiotiwa sukari, funika, acha juu ya kabati. Kwa joto la Dar, kufikia asubuhi yameganda. Kisha tandaza kitambaa cheupe kilichochemshwa ndani ya chujio, weka bakuli chini, mimina mtindi, rudisha kwenye friji kwa saa tatu hivi. Chini yatashuka maji ya rangi ya manjano iliyochanganyika na ukijani. Usiyamwage, kandia unga wa chapati za watoto. Juu unabaki mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko, na protini nyingi ya ile nusu lita ya maziwa imebaki humo, wakati sehemu kubwa ya sukari ya maziwa imeondoka na maji.

Mtindi wote uliotoka kwenye nusu lita, tia kwenye blenda pamoja na vijiko viwili vya unga wa soya, nusu ndizi, mdalasini kidogo na vipande vya barafu. Asali hapana. Sukari hapana. Nusu ndizi inatosha kabisa kwa utamu, na ulimi wako utazoea baada ya siku chache hata kama leo unaninunia. Hapo una gramu 20 hivi za protini kwa kalori zisizofika 300.

Kuhusu soya, uliza swali moja tu mashineni: ilikaangwa kabla ya kusagwa? Soya mbichi ina kemikali zinazozuia tumbo kumeng'enya protini, ndiyo maana wengine wanakunywa na kuishia kujaa gesi na kuharisha. Ukinusa unga uliokaangwa unanukia karanga. Ule mbichi una harufu ya maharage yaliyolowekwa. Muuzaji akisitasita, nunua soya nzima, chemsha dakika 20, anika, kaanga, kasage mwenyewe.

Lakini yote haya hayatakusaidia usipobadilisha saa ya kunywa. Sheki hii inakaa mahali pa zile chapati mbili "tu". Chapati moja ya mgahawani iliyokandiwa mafuta na kukaangwa kwa mafuta inaweza kuwa na kalori 300. Mbili na chai yenye sukari, umeshafika 700 kabla hujafungua meza ya biashara. Badilisha hapo, asubuhi, na usiku kula chakula chako na umalizie hapo. Ifanye nzito, uile kwa kijiko, na tafuna tango au karoti pembeni. Kinywaji kinapita haraka, na tumbo lisilotafuna linadai tena saa nne.

Mchana usiisahau protini ukidhani umeshamaliza asubuhi. Mtu mzima mwenye afya anahitaji angalau gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, kwako ni kama gramu 69, na anayepungua anafaa kuongeza kidogo ili mwili usianze kula misuli. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kinafika 20. Kwa mama ntilie hapo Kariakoo, mwambie apunguze wali, aongeze maharage. Atakushangaa, lakini atapakua.

Mizani: pima kwenye mizani ileile, asubuhi, mara moja kwa wiki. Nusu kilo kwa wiki inatosha.

Na kabla hujaniuliza kuhusu unga wa lishe, kwa kuwa wengi wanauliza: ule wa mahindi, ulezi, mchele, karanga na soya ulibuniwa kumnenepesha mtoto aliyeachishwa ziwa. Kunywa vikombe viwili vya uji huo kila jioni ukitegemea kupungua ni kazi ngumu. Halafu kuna sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo zinaipata zikihifadhiwa na unyevu. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu, tupa. Kuikaanga hakuondoi sumu yote.

*Kijana wangu ana miaka 17, ameanza gym, ananing'ang'ania nimnunulie protini ya kopo. Bei yake ni ya kutisha. Nimnunulie? – Baba wa Nyegezi, Mwanza*

Hapana, kaka. Poda nyingi za namna hiyo zinatokana na maji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini, yakakaushwa. Ni chakula, hakina muujiza. Kijiko cha kopo kwa kawaida kina gramu 20 hadi 25 za protini. Mayai matatu ya kuchemsha na kikombe cha maziwa vinampa hizohizo. Na wewe uko Mwanza, sato na dagaa viko mlangoni. Akija kujinunulia kwa pesa zake, atazame nembo ya TBS na tarehe ya mwisho, na asikubali ile poda inayopimwa kwa vijiko kutoka kwenye mfuko usio na jina. Hiyo hakuna anayejua ndani mna nini.

*Maziwa yananivuruga tumbo. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga*

Jaribu mtindi kwanza. Bakteria wanaogandisha maziwa wanakula sehemu ya ile sukari inayokusumbua, na ukiuchuja kama nilivyoeleza hapo juu unapunguza nyingine. Anza na nusu kikombe. Tumbo likigoma bado, tumia maziwa ya soya ya nyumbani yaliyochemshwa vizuri.

*Nina kisukari miaka tisa, na daktari alisema figo zimeanza kuchoka. Sheki ya protini itanisaidia kupunguza tumbo? – Mzee wa Kibaha*

Shikamoo mzee. Usiinywe, wala hii yangu ya mtindi, mpaka uonane na daktari wako. Figo zikichoka, protini inapimwa kwa gramu kulingana na majibu ya damu, na ndizi, maziwa na soya vina potasiamu na fosforasi ambazo figo zako huenda zikashindwa kuziondoa. Siku ya kliniki beba karatasi ya vipimo vya mwisho vya damu na mkojo, na umwombe daktari akuelekeze kwa afisa lishe wa hospitali hiyohiyo.