Usiongeze oili kwenye transfa bado

Kaka, umeuliza kama uongeze oili kwenye transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ya Land Cruiser yako ya HZJ75, na umesema ulipofungua nati ya juu ilimwagika. Usiongeze! Kwenye hizi Land Cruiser za zamani, sili (mpira wa kuzuia oili) iliyo kati ya giaboksi na transfa ikichoka, oili ya giaboksi huhamia transfa. Huku inafurika, kule gia zinasagana kavu. Fungua nati ya juu ya giaboksi, ya kujazia oili, leo, gari likiwa pa tambarare na limepoa. Ingiza kidole tunduni: oili iguse ukingo wa chini. Imepungua? Jaza oili ya gia ya 75W-90 mpaka ianze kuchuruzika, itulie, ndipo ufunge. Halafu badilisha sili, tafadhali. Mimi niliiacha, gia ya tano ikaanza kulia.