Vitenzi vikorofi vya Kiromania: weka jedwali pembeni kwanza

Wiki yangu ya tatu Cluj, mji wa huku Romania, nilikuwa nimebanwa kwenye basi karibu na mlango, begi mgongoni, alafu bibi mmoja aliyefunga kitambaa kichwani akaniuliza neno moja tu, "Coborâți?" Nikakaa kimya. Akarudia. Nikawa namwangalia tu huku kichwani natafuta lile jedwali la darasani, cobor, cobori, coboară, sasa hii coborâți ni ya nani, ni wewe, ni nyie, au ni kitenzi kingine kabisa, na basi limeshasimama, yule bibi akajipenyeza pembeni yangu kwa shida na mfuko wake wa viazi, mlango karibu umfungie. Kumbe ni swali ambalo kila anayesimama mlangoni anaulizwa, yani "unashuka?", ukijibu "da, cobor" anatulia nyuma yako, ukijibu "nu" unampisha. Jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelikariri asubuhi ile ile. Iliniuma siku nzima.

Nimeandika hii kwa ajili ya mtu yeyote anayezungumza Kiswahili na anaanza Kiromania, hasa nyie mnaokuja kufanya mwaka wa maandalizi ya lugha kabla ya kuanza digrii, wenyewe wanauita "anul pregătitor". Mwaka mmoja unaonekana mrefu lakini unapita, na baada ya hapo unakaa lekcha na wenyeji na profesa hapunguzi spidi kwa ajili yako. Kwangu mimi kitu kilichonichelewesha kuliko vyote ni vitenzi visivyofuata sheria, na kilichonichelewesha zaidi ni jinsi nilivyovisoma, kwa majedwali, ukurasa mzima wa daftari umejaa safu, nakariri kama jedwali la kuzidisha. Mtihani nikafaulu. Kwenye basi nikashindwa.

Kilichonifungua ni siku niliyojiuliza kuhusu Kiswahili chenyewe. Hebu fikiria mgeni anayejifunza lugha yetu. Anaambiwa kitenzi ni "kuwa", alafu anasikia "mimi ni mwalimu", hiyo "ni" imetoka wapi? Anasikia "nilikuwa", "si", "yuko", "nina". Anaambiwa kumwita mtu unachukua mzizi wa kitenzi, soma, kaa, lala, alafu kwa "kuja" anakuta tunasema "njoo". Kwa "kwenda" tunasema "nenda". "Anakula" lakini "hali", "asile". Hakuna mtoto wa Tanga au Mombasa aliyewahi kukaa chini akakariri hayo, aliyapata kwenye sentensi, kwa mama, barazani, kwa kuitwa. Na ukiangalia vizuri utaona vitenzi vikorofi ni vile vile vinavyotumika kutwa nzima, kuwa, kuja, kwenda, kula. Kiromania ni hivyo hivyo. Vimegoma kunyooka kwa sababu viko mdomoni mwa watu kila dakika.

Kwa hiyo "a fi" (hiyo "a" ni kama "ku-" yetu), ambacho ndo "kuwa" yao, kisikutishe kuwa hakifanani na chochote: sunt, ești, este, suntem, sunteți, sunt. Iliyopita ya kuendelea ni eram, erai, era, na tendo lililokwisha ni am fost. Ni vile vile "ni" na "nilikuwa" zisivyofanana. Kwenye mazungumzo hiyo "este" mara nyingi utaisikia "e" tu, inatamkwa "ye", au inabebwa na neno la mbele yake, "nu-i acasă", hayuko nyumbani. Na ukiwa huku Transilvania, eneo ambalo Cluj ipo, utasikia watu wanasema "îs" badala ya sunt, "îs obosit", nimechoka, usidhani umesikia vibaya. Kingine, ukiokota vitabu vya zamani maktaba utakuta "sînt". Ni neno lile lile, Akademia ya Romania ilibadilisha tahajia mwaka 1993, sasa hivi andika "sunt".

Hapo hapo kuna mtego ambao sisi tunaingia. Baridi ya Desemba mimi nilimwambia mama wa mapokezi hosteli "sunt frig", nikidhani nimesema nasikia baridi. Sentensi ile ni kama kusema mimi ni baridi. Alinielewa kwa sababu nilikuwa natetemeka, akanirekebisha pole pole huku akinionyesha kidole kifuani kwangu: "Mi-e frig. Mie... mi-e frig." Kwa mpangilio wa maneno ni "kwangu ni baridi". Na njaa ni hivyo, mi-e foame, na kiu, mi-e sete, na hofu, mi-e frică. Kuna moja nzuri sana, "mi-e dor", ile hali ya kumkumbuka mtu mpaka unaumia. Mi-e dor de mama. Hiyo sikuikariri popote, niliisikia mara moja ikakaa, kwa sababu nilikuwa naihitaji.

Lakini umri ni kama kwetu kabisa! Sisi tunasema nina miaka 24, wao wanasema am 24 de ani, kwa kitenzi cha kuwa na kitu, "a avea". Waingereza na Wajerumani wanatumia "kuwa", sisi na Waromania tunatumia "kuwa na". Kwa hiyo anzia hapo, am, ai, are, avem, aveți, au, kila moja iwekee mtu wako wa kweli. Am doi frați, nina kaka wawili. Mama are o grădină, mama ana bustani. Usiandike "yeye ana kitabu", kitabu cha nani?

Na a avea ndo kitenzi chenye faida kubwa kuliko vyote, sikiliza vizuri hapa. Ukiijua umepata wakati uliopita wote wa mazungumzo. Am mâncat, nimekula. Ai mâncat, umekula. Ila inapofanya kazi ya kusaidia inajikata sehemu tatu: yeye anakuwa "a" siyo "are", sisi tunakuwa "am" siyo "avem", nyie mnakuwa "ați" siyo "aveți". Are bani, ana pesa. A venit, amekuja. Mimi nilikaa miezi miwili nasema "are venit" na hakuna aliyenirekebisha kwa sababu waliona aibu kunikatiza. Kwa hiyo ukipata rafiki mwenyeji mwambie mapema akukatize, mwambie kabisa ni ruhusa.

Ukishashika hiyo, kinachobaki ni lile neno la pili, na hapo ukorofi upo lakini mdogo: a face (kufanya) inakuwa făcut, a vedea (kuona) văzut, a lua (kuchukua) luat, a bea (kunywa) băut, a merge (kwenda) mers, a zice (kusema) zis, a scrie (kuandika) scris. Haya maneno mimi niliyasoma kwa kuhadithia siku yangu. Kila usiku narekodi voisi ya dakika moja kwenye simu, leo nimefanya nini. M-am dus la piață, am luat roșii, am văzut un coleg, am băut o cafea, yani nimeenda sokoni, nimechukua nyanya, nimemwona mwenzangu, nimekunywa kahawa. Basi. Kesho yake asubuhi nasikiliza nikiwa napiga mswaki, nikisikia kosa nalirudia sahihi kwa sauti. Hii kitu ilinisaidia kuliko apu zote nilizopakua, kwa sababu maneno yalikuwa ya siku yangu mwenyewe na usiku mdomo ulikuwa tayari unayajua.

Sasa twende sokoni, maana a da na a lua, kutoa na kuchukua, ni vitenzi vya sokoni. Dau, dai, dă, dăm, dați, dau. Iau, iei, ia, luăm, luați, iau. Hiki cha pili ukikiangalia kwenye karatasi unachanganyikiwa, herufi L imeenda wapi? Umbo la sisi na la nyie ndo yameibakiza, mengine yote yameitupa. Mimi niliacha kuitafuta L nikaanza kusikiliza wauzaji. Mama anayeuza nyanya anasema "Cât să vă dau?", nikupimie kiasi gani. Unajibu "Dați-mi un kil, vă rog", nipeni kilo moja, tafadhali. Umeona hiyo dați? Siyo dă. "Dă-mi" ni kwa rafiki yako. Kwa mtu mzima usiyemjua unatumia umbo la nyie hata kama yuko peke yake, ndo heshima yao, na ndo maana yule bibi wa kwenye basi aliniuliza coborâți, mimi kijana mdogo, alikuwa ananiheshimu. Vitabu vingi vya wanaoanza vinakufundisha umbo la wewe kwanza kwa sababu ni jepesi. Mimi nakwambia kinyume: ukifika, jifunze la nyie kwanza, vreți, aveți, puteți, știți, dați, luați. Mtu aliyekulia kwenye shikamoo hataki kumwambia bibi wa watu "nipe". Na hata shikamoo yenyewe wanayo ya kwao, mama mtu mzima unamsalimia "sărut mâna", nabusu mkono. Nilipoanza kuitumia pale sokoni nyuso zilibadilika, wakaanza kunisubiri nimalize sentensi.

A vrea, kutaka, ni vreau, vrei, vrea, vrem, vreți, vor. Hapa unaingia kwenye kitu ambacho wanafunzi wengi wa mataifa mengine wanalia nacho na sisi hatuna haja ya kulia. Waromania hawasemi "nataka kwenda", wanasema kama "nataka niende", vreau să merg. Hiyo "să" na kitenzi kinachofuata ni sawa na ile -e yetu ya mwisho, niende, asome, tule. Na kwa vitenzi vyao vya kundi la kwanza, vile vinavyoishia na -a kama a cânta, kuimba, herufi yenyewe inageuka kama yetu: cântă, anaimba, vreau să cânte, nataka aimbe. Mwalimu alipoandika hivyo ubaoni wenzangu walikunja uso, mimi nikaona kitu cha nyumbani. Vikorofi vyake ni vichache na ni vya nafsi ya yeye na wao: să fie (awe), să aibă (awe na), să dea (atoe), să stea (akae), să ia (achukue), să bea (anywe). Să fie utaisikia kwenye kila pongezi, să fie într-un ceas bun, iwe saa njema. A fi peke yake baada ya să inabadilika kwa nafsi zote, fiu, fii, fie, fim, fiți, fie, ikae kichwani kama wimbo.

Na ukishakuwa na "să" una wakati ujao bure. Weka "o" mbele, isiyobadilika kwa mtu yeyote: o să vin, nitakuja, o să vină, atakuja, o să fie bine, itakuwa sawa. Ile ya vitabuni, voi veni, vei veni, itakuja baadaye ukiandika insha.

Nije kwenye kitu ambacho natamani ningeambiwa wiki ya kwanza. Vingi unavyoviona vikorofi siyo vikorofi, ni sauti tu zinabadilika kwa utaratibu. Umbo la wewe linaishia na i ya kunong'ona, na hiyo i inalainisha konsonanti iliyo mbele yake: t inakuwa ț, d inakuwa z, s inakuwa ș. Pot, poți, naweza, unaweza. Văd, vezi, naona, unaona. Aud, auzi, nasikia, unasikia. Cred, crezi, naamini, unaamini. Ies, ieși, natoka, unatoka. Alafu o inafunguka ikawa oa kwa yeye, poate, anaweza. Mimi nilikuwa nimeviorodhesha vyote hivyo kwenye daftari la vikorofi, zaidi ya kurasa nne, siku nilipoelewa hilo nikafuta karibu tatu. Ila hiyo i usiitamke kamili kama Kiswahili. Sisi tumezoea kila vokali ipewe haki yake, tunasema "potsi" yenye i nzima, hapana, ni "pots" na pumzi kidogo. Wakati știi, unajua, na vii, unakuja, zina i ya kweli, hizo zivute.

A mânca, kula, ina tabia yake ya kurefuka, mănânc, mănânci, mănâncă, alafu mâncăm, mâncați. Hiyo utaipata tu, utaulizwa kila siku kama umekula.

Ukikwama kabisa usiku na hakuna wa kumuuliza, kuna kamusi ya mtandaoni ya bure inaitwa dexonline, andika kitenzi alafu fungua sehemu ya minyambuliko, iko yote pale. Mimi naitumia kuhakiki tu. Kwanza nasema sentensi kwa mdomo, ndo naangalia kama nimepatia.

Kwa mnaokuja mwaka huu, masomo yanaanza karibu na mwanzo wa Oktoba, na wiki za mwanzo utasimama kwenye foleni nyingi za makaratasi. Nendeni na hizi zikiwa tayari mdomoni, siyo kwenye daftari: Sunt student, din Tanzania (mimi ni mwanafunzi, natoka Tanzania). Am actele la mine (makaratasi ninayo hapa). Nu știu încă bine limba (lugha bado siijui vizuri). Puteți să repetați, vă rog? (mnaweza kurudia, tafadhali?) Hiyo ya mwisho niliisema mara nyingi sana kwenye madirisha ya ofisi, na kila mara mtu wa upande wa pili alivuta pumzi akarudia taratibu zaidi.