Jibu: Nimezoea marathoni ya barabarani, je, kilomita 100 za milimani nitaziweza?

Ndugu, umeuliza kama mkimbiaji wa marathoni ya barabarani anaweza kuhimili kilomita 100 za njia za milimani. Unaweza, ila acha kwanza kuhesabu kilomita. Hesabu mita za kupanda na saa utakazokuwa njiani. Mbio za UTMB zinazouzunguka mlima Mont Blanc zina takriban kilomita 170, na ndani yake mna mita 10,000 hivi za kupanda!

Kwenye kupanda utatembea. Hata mabingwa hutembea penye mwinuko mkali. Kinachowamaliza wengi ni kuteremka. Mteremkoni misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikivutwa, na nyuzi zake huumia kidogo kidogo, ndiyo maana mapaja hugoma ilhali pumzi bado ipo. La kutia moyo ni kwamba misuli hujifunza haraka: mazoezi machache ya kuteremka, yakianza taratibu wiki kadhaa kabla, hupunguza sana maumivu hayo. Wiki ya mwisho usiyaguse, tafadhali.

Tumbo nalo lizoeshe mapema. Lenga gramu 60 hivi za wanga kwa saa, na ule kabla njaa haijakushika. Maji kunywa kwa kiu. Kujilazimisha maji mengi hushusha sodiamu ya damu, na hali hiyo inaweza kuua.

Usiku beba taa ya kichwani na betri za akiba. Ukianza kuyumba au kuona vitu visivyokuwepo, fika kituo cha huduma kilicho njiani, kula, ulale hata dakika 15.