Kwenye kompyuta, usiwaige watembea kwa miguu mmoja mmoja

Modeli yangu ya kwanza ya kompyuta, ya kuiga mwendo wa watu na vyombo kwenye barabara moja karibu na soko la Owino, Kampala, ilipendeza sana kwenye skrini. Watu na bodaboda walipishana bila hata mmoja kusita. Nikamwonyesha mama anayeuza ndizi kando ya barabara hiyo. Akatazama, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona kila mtu yuko peke yake? Watoto wao wako wapi?"

Nilikuwa nimetumia modeli ya nguvu za kijamii ya watafiti Dirk Helbing na Péter Molnár ya mwaka 1995: kila mtu anavutwa na aendako, kwa wastani wa mita 1.34 kwa sekunde, na anasukumwa na walio karibu naye. Msingi huo ni imara, bado nautumia. Lakini mwaka 2010 Mehdi Moussaïd na wenzake, waliochunguza makundi ya watu mitaani Ufaransa, waliandika kwamba hadi asilimia 70 ya watu katika umati hutembea kwa makundi. Nafasi ikiwepo wanaambatana bega kwa bega. Pakibana, mstari wa watatu hujikunja kama herufi V, wa katikati akibaki nyuma kidogo ili wasikizane.

Kwa hiyo kabla ya kuandika programu, kakae barabarani. Mimi nilikaa asubuhi tatu na daftari. Usihesabu vichwa. Andika nani kamshika nani mkono, nani kajitwika mzigo, nani anaachwa nyuma. Jambo kubwa nililoliona ni hili: wawili wanavuka, wa tatu anabaki. Dereva wa bodaboda haangalii watu, anaangalia pengo, na pengo lile kati yao kwake ni njia. Anaingia. Mtoto aliyebaki anamwona mamake ng'ambo, anakimbia. Ukiiga watu mmoja mmoja, hatari hii haitokei kamwe, kwa sababu hakuna anayemfuata mwenzake.

Basi ongeza nguvu inayowavuta watu wa kundi moja, na ya mama na mtoto iwe kubwa kuliko ya marafiki. Bodaboda ipe tabia ya kutafuta pengo. Taksi ipe tabia yake: inasimama ghafla kupakia, na inaziba macho ya wote walio nyuma yake.

Nilipomrudia yule mama, aligusa skrini nyuma ya taksi iliyosimama. "Hapa ndipo wanapobaki." Sasa, kwenye modeli, najaribu kukisogeza kituo hicho cha taksi mita 15 mbele, nione bado wanabaki watoto wangapi.